Nguo za Mama Mkwe

Mashine ya kufulia ya Mama Ngalula ilikuwa imegoma kutoa maji tangu Jumapili, na kufikia Jumatano asubuhi nyumba nzima ilinuka kama tambara la deki lililosahauliwa nyuma ya mlango. Inspekta Domitille Kanku aliipata harufu hiyo kabla hajavuka kizingiti. Hakuja kwa ajili ya mashine. Alikuja kwa ajili ya ufunguo, na muda ulikuwa umembana, maana mchana huo jeep ya komisaria ya polisi ilikuwa imchukue kijana mmoja mchimbaji, Glodi, impeleke parquet, kwa mwendesha mashtaka. Kutoka parquet njia inajulikana. Ukiingia gerezani bila mtu wa kukusemea, faili lako huachwa mpaka panya walichoke.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi, nyepesi mno kwa ulimi wa Kanku. Depo moja ya kununulia madini, nje kidogo ya mji wa Kolwezi, ilikuwa imeibiwa metorex. Asiyeijua metorex na aambiwe: ni chombo cha mkononi chenye umbo la bastola, unakielekeza kwenye gunia nacho kinasema mna cobalt kiasi gani. Mchimbaji anakaa shimoni wiki nzima, halafu chombo hicho kinasema neno moja tu, na neno hilo ndilo chakula cha watoto wake. Kolwezi hakuna kitu kinachotukanwa kama metorex.

Jumamosi mchana, wakati wa kufunga, Glodi alimkaba kola Lucien Kabasele, mpimaji wa depo, akipiga kelele kwamba chombo kimefundishwa uongo. Jumatatu asubuhi Lucien alifika kazini bila ufunguo, mlinzi akavunja kufuli lililokuwa zima kabisa, wakaingia, metorex hakuna. Ufunguo wa pili alikuwa nao patron, mwenye depo, na patron alikuwa Lubumbashi. Lucien akasema Glodi aliuchomoa ufunguo mfukoni mwake katika zile vurugu. Wakamfuata Glodi machimboni, wakamkuta anakula muhogo, wakamtia pingu. Metorex hawakuiona, wala ufunguo. Walimwona Glodi tu, na ikaonekana yatosha.

"Mama, jambo," alisema Kanku.

"Jambo yenu. Ingieni, lakini muangalie miguu, kuko maji."

Mama Ngalula alikuwa mjane wa mfanyakazi wa migodi, mtu wa Kasai kama Kanku mwenyewe, mnene, mwenye sauti ya kwaya. Aliishi nyumba ya mbele. Nyuma, katika annexe, kijumba cha uani, waliishi binti yake Abigaël na mume wa binti, ambaye ndiye huyo Lucien. Kwenye chumba cha kufulia, fundi mmoja aitwaye Baudouin alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine, bisibisi mdomoni kama mswaki.

"Ni pompe ya kutoa maji njo ilikufa," alisema Baudouin, akiitoa ile bisibisi. "Courant ya umeme ilikatika, ikarudia na nguvu, ikaichoma. Minaweka ingine, inaisha."

"Na mi nilishakuambia uache," alisema Mama Ngalula. "Sikukuita."

"Ni mi nilimuita, mama," alisema Abigaël kutoka mlangoni. "Maji inanuka siku hizi zote."

"Inuke. Nguo ni yangu, na pua ni yangu."

Kanku alilisikia hilo akaliweka kando. Mtu ambaye mashine yake imekufa hamfukuzi fundi. Anaweza kumtukana, anaweza kumpunguzia bei mpaka alie, lakini hamfukuzi. Alimwashiria msaidizi wake Josias, kijana aliyehamishwa kutoka Kinshasa mwaka uliopita, wakaenda nyuma kumwona Lucien.

Lucien alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya annexe, shati safi, macho mekundu. Patron alikuwa amemwambia abaki nyumbani kwanza.

"Ile siku ya vurugu," alisema Kanku, "ufunguo ulikuwa mfuko gani?"

"Ya suruali. Ya kuume."

"Jumatatu uliniambia wa shati."

"Chemise... Inspectrice, kulikuwa bantu bengi, mi nilikuwa mu vurugu."

"Glodi alikushika wapi?"

"Huku." Akajishika kola.

"Kwa mikono yote miwili?"

"Yote mbili."

"Basi mkono wa kuingia mfukoni aliazima kwa nani?"

Lucien alitazama chini. Wakati huo Mama Ngalula alitokea kona ya nyumba kuchukua ndoo, na jambo dogo likatokea, la kila siku, ambalo Josias hakuliona hata kidogo. Lucien aliinuka upesi akajibanza ukutani, akageuza uso pembeni, na mama akapita akiwa amejivuta upande wake, kama vile katikati yao pametandikwa mkeka usiokanyagwa. Mama alisema hewani, "Abigaël, ambia bwana yako kama bukari iko tayari." Abigaël akamwambia mumewe kwamba ugali uko tayari, naye mume alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka pale. Lucien akajibu, "Mwambie mama aksanti." Abigaël akamwambia mama.

"Wamegombana?" alinong'ona Josias.

"Hapana," alisema Kanku. "Wanaheshimiana."

Kutoka ndani Baudouin alipaza sauti. "Ee! Muje muangalie!"

Wakarudi. Chini ya mashine, kwenye pembe, kuna kifuniko kidogo, na nyuma ya kifuniko kuna kichujio cha kuzungusha. Baudouin alikuwa amekilegeza, na maji meusi yalikuwa yakitoka polepole kwenye sahani pana, yakijaa, yakimwagwa, yakijaa tena. Mama Ngalula alikuwa amesimama na ndoo yake tupu mkononi. Alikuwa amechelewa kumzuia, na uso wake ulionyesha kwamba alijua.

Kichujio kilipotoka chote, kilikuja na nyuzi, kifungo, na mchanga mweusi kiasi cha kujaa kiganja. Kanku aliusugua kwa vidole. Kolwezi mtoto mdogo anaujua mchanga ule. Udongo wa bustani ni mwekundu, mawe ya shaba ni ya kijani, na cheusi namna ile ni cobalt.

"Bado," alisema Baudouin, kidole chake kikiwa ndani ya tundu. "Kuko kitu inashika helice ya pompe." Akaingiza koleo, akazungusha, akavuta, akatukana kidogo, akaomba msamaha kwa mama, akavuta tena. Kilichotoka kilikuwa ufunguo.

Kanku alifungua mkoba, akatoa mfuko wa plastiki uliokuwa na kufuli la depo lililovunjwa utambo, akaufuta ufunguo kwa leso, akautia kwenye tundu. Uliingia, ukazunguka bila hata kukwaruza.

"Pompe ilikuwa muzima, kumbe," alisema Baudouin, kwa masikitiko ya mtu aliyekwisha kuihesabu pompe mpya kuwa yake.

"Chef, affaire imeisha," alisema Josias, Kiswahili chake bado kikiwa na mifupa. "Ufunguo iko nyumba ya Lucien. Glodi hakuiba kitu. Ni Lucien alifungua, alitwaa metorex, alisahau ufunguo mufuko ya suruali, suruali ikaingia mu machine." Alikuwa ameshatoa pingu. Vijana hupenda sana pingu.

"Lucien," aliita Kanku, bila kugeuka. "Njia ya mwongo ni fupi. Yako imeishia hapa."

Lucien alikuwa amesimama nje ya mlango, mgongo kwa mashine. "Ilikuwa ku musumari," alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Pale barazani. Njo fasi ninaitundikaka kila siku. Jumatatu niliiangalia, haiko. Patron alishasemaka: mwenye kuacha ufunguo ovyo, kazi yake imekwisha. Njo nikasema ilikuwa mufukoni."

"Na Glodi?"

"Alinikamata kola tu."

"Kwa hiyo ulimtia kijana wa watu pingu kwa sababu ya msumari."

Josias alipiga hatua kumwendea Lucien, Kanku akamzuia kwa kiganja.

"Abigaël," alisema. "Mashine hii inafua nguo za nani?"

"Za mama. Na zangu, na za batoto, siku yao."

"Za Lucien?"

Abigaël alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama viatu huchemshwa pamoja na maharage. "Za Lucien ni mu beseni, kule nyuma. Inspectrice, we si uko mutu ya Kasaï?"

Ndiyo, alikuwa mtu wa Kasai, na ndiyo maana aliuliza, ili Josias asikie. Kwao mkwe mwanaume hali sahani moja na mama mkwe wake, hakai kitandani pake, na nguo za ndani za mama huyo hazigusi, hazianiki, hazitazami hata kwenye kamba. Akizigusa, hilo ni tshibindi. Si kosa la polisi. Ni unajisi, unawapata watoto wake, na kuutoa kunataka mbuzi, wazee, na aibu ambayo watu wataizungumza mpaka harusi za wajukuu. Suruali ya Lucien katika mashine hii? Afadhali angeifua kanisani, kwenye maji ya ubatizo.

Aliuinua ufunguo kwenye mwanga wa dirisha. Katika tundu la kichwa chake palikuwa pamenaswa nyuzi, chache, za njano na za buluu, zimesokotana kwa fundo. Si nyuzi za suruali. Ni nyuzi za pagne ya wax, yaani kitenge. Kanku alitazama pindo la pagne aliyovaa yeye mwenyewe, mahali alipofunga ufunguo wa ofisi yake. Kila mama anaufunga pale, naye mamake alimfundisha hivyo hivyo.

"Nani aliwasha mashine?"

"Ni mi," alisema Abigaël. "Jumapili. Mama alikuwa ku misa. Nikakuta nguo zake zinajaa mu machine, nikasema nimusaidie. Nikaweka sabuni, nikafinya bouton."

Mama Ngalula alifumba macho. Hakuyafumba kwa hasira.

"Mama," alisema Kanku taratibu, "mlinzi wa depo aliniambia kwamba Jumamosi magharibi hakuona mwizi. Aliona mtu mmoja tu wa kwaya yake, aliyekuja na beseni kumletea mikate ya mafuta. Mi nilicheka, nikamuuliza kama mikate ilikuwa tamu."

"Ilikuwa tamu," alisema Mama Ngalula.

Maji yalikuwa yamekwisha kutoka. Mashine hizi mlango wake haufunguki maji yakiwa ndani, hata ukiuvunjia kucha, na Mama Ngalula alikuwa ameuvunjia kucha kweli. Kanku aliziona, mbili za mkono wa kulia. Sasa mlango ulilia *tak*, wenyewe, na Baudouin akanyoosha mkono.

"Toka hapo, baba," alisema Kanku. "Wanaume wote wageuke. Na wewe, Josias. Abigaël, toa."

Abigaël alitoa pagne ya njano na buluu, nzito kwa maji, pembe yake moja imechanika. Akatoa shimizi. Akatoa nyingine, na nyingine, na sketi za ndani za mama mtu mzima, moja moja, akizilaza kwenye beseni kwa aibu. Chini kabisa mkono wake uligonga kitu kigumu. Kilikuwa kimefungwa katika shimizi nyeupe iliyokwisha kuwa kijivu, na kilipofunuliwa kilikuwa metorex, kioo chake kimejaa ukungu kwa ndani, maji yakidondoka kutoka mdomo wake. Kisingesema tena uongo wala kweli.

"Mama!" alisema Abigaël.

Mama Ngalula alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono magotini, midomo imefungwa. Kanku aliijua namna ile ya kunyamaza. Bibi yake aliwahi kunyamaza hivyo mbele ya hakimu mpaka hakimu akaahirisha kesi. Mtu kama huyu ukimuuliza swali, utamkuta pale pale kesho. Na jeep haikuwa ya kesho. Bila maneno ya mwenye kosa, patron angesema Glodi na Lucien walishirikiana, parquet ingekubali, na kijana angepanda gari kama ilivyopangwa.

Kanku alivuta kiti. "Josias, geuka, uandike PV, taarifa ya polisi."

Josias akaandaa kalamu.

"Andika hivi. Metorex imekutwa katika mashine ya kufulia. Ufunguo ulikuwa wa Lucien Kabasele, na Lucien amekiri kwamba alidanganya. Kwa hiyo..." Alisita kidogo, si kwa sababu alikosa neno. "Kwa hiyo Lucien Kabasele aliificha yeye mwenyewe. Alifungua nguo za ndani za mama mkwe wake kwa mikono yake, akaiviringisha metorex ndani ya shimizi ya mama mkwe wake, akaifunika kwa sketi za mama mkwe wake."

"Inspectrice!" Abigaël alijishika kichwa. "Usiandike vile! Ni tshibindi! Tuko na batoto!"

"Mashahidi ni fundi Baudouin na Abigaël mkewe," aliendelea Kanku, kwa sauti ile ile ya mtu anayesoma bei ya sukari. "Karatasi itasomwa parquet mbele ya watu, kama ilivyo kawaida."

Kutoka nje ya mlango, bado ameupa chumba mgongo, Lucien alisema, "Andika."

Kanku hakulitarajia hilo.

"Andika, inspectrice. Ni mi. Ni mi niliiweka. Na mikono yangu. Muache mama."

Basi alikuwa ameelewa, tangu nyuzi za pagne, pengine tangu ufunguo. Na alichagua. Wizi angeutumikia miaka michache, lakini hilo la pili, tshibindi, angelibeba mpaka kaburini, na watoto wangelichukua pale alipoliacha. Josias, ambaye hakujua uzito wa neno lolote kati ya yale, aliandika upesi, kalamu ikilia kwenye karatasi.

"Futa!" alisema Mama Ngalula.

Alikuwa amesimama. Ndoo ilibiringika mpaka ukutani.

"We kijana, nasema futa ile! Huyu hakugusa nguo yangu hata siku moja. Miaka yote anakaa humu, hata kivuli yangu haikanyage. Futa, ao nitakula ile karatasi hapa mbele yako." Akamgeukia Kanku. "Ni mi. Umeridhika? Ni mi nilitwaa ufunguo ku musumari. Nilimupa mulinzi mikate, nikamwambia minaenda choo, nikafungua. Nikaiweka mu beseni, chini ya kitambaa. Ufunguo nikaifunga mu pindo ya pagne, nikaisahau pale."

"Kwa nini, mama?"

"Abigaël aliniambia. Patron njo alilazimisha Lucien apunguze ile metorex, isome kidogo. Jumamosi bachimbaji bakasema Jumatatu batakuja na ingine, bapime gunia moja na zote mbili mbele ya bantu bote. Inspectrice, we unajua mambo ya huku. Batu bakikuta kama unabaiba, habaite polisi. Banatafuta pneu na essence, banakuchoma. Ungefanya nini, we? Huyu ni baba ya bajukuu yangu. Nikasema hakuna mashini, hakuna kupima, hakuna kuchoma mutu. Kisha misa ningeenda kuitupa ku maji, ku ziwa ya Nzilo. Kurudia, nakuta binti yangu ananifulia."

Abigaël alianza kulia bila sauti.

"Na Glodi?"

Hapo sauti ya kwaya ilivunjika. "Sikujuaka kama batamukamata mutoto ya bantu. Kila asubuhi nilisema mlango itafunguka, nitaitoa, nitaiacha ku depo magaribi, batamufungua. Haikufunguka."

"Ungesema, mama."

"Ningesema nini? Kama iko mu nguo zangu za ndani, mukuje mutafute?"

Kanku alichukua karatasi ya Josias, akaipasua katikati, akampa nyingine. "Anza upya. Na safari hii andika pia jina la patron."

Kisha akapiga simu komisaria. "Glodi ameshapanda?"

"Iko mugongo ya jeep, chef. Dereva iko anawasha."

"Mshushe."

"Chef, karatasi ilishasainiwa..."

"Nimesema mshushe. Akae kwenye benchi, apewe maji, anisubiri."

Mama Ngalula alikuwa akikamua pembe ya pagne yake, ile iliyochanika. "Mama ya Glodi iko pale?" aliuliza.

"Tangu Jumatatu. Anakaa ukutani na sahani yake ya bukari. Hawamruhusu kuipitisha."

"Basi munipeleke sasa, nimukute kabla hajaondoka. Ninataka anione." Alijitazama, pagne ya nyumbani imelowa mpaka magotini. "Sina ya kuvaa. Zote ziko humu."

Abigaël alifungua pagne ya juu aliyokuwa amevaa, akamfunga mamake kiunoni, akakaza, akafunga tena ingawa fundo lilikuwa limekaza. Baudouin alikusanya bisibisi zake akaondoka bila kuuliza malipo, jambo ambalo halijapata kuonekana katika mtaa wote wa Manika. Maji ya mashine yalikuwa yametiririka hadi uani, yakaacha mstari mweusi juu ya udongo mwekundu.

Lucien alitangulia kufungua geti. Alilisukuma, akasimama kando, uso ukutani, kama kila siku mama anapopita. Josias alimngojea na yeye pia, maana uongo wake nao ulikuwa na PV yake. Mama Ngalula alipofika karibu, alipunguza mwendo.

"Abigaël," alisema Lucien kwa ukuta. "Ambia mama kama..."

Akalishika geti lisijifunge.

"Mwambie nilisikia kule ndani," alisema Mama Ngalula, na akapanda gari.